Traki ya Mama Oduor

"Mbona Mama Oduor anasikika kama yuko nje?"

Aliyeuliza ni Everlyne, mwenyekiti wa kwaya, na kikombe cha chai kilikuwa bado hakijamfika mdomoni. Sebule nzima iligeukia spika. Spika ziliendelea kuimba. Sauti ya kwanza ilikuwepo, ya pili ilikuwepo, wanaume wa sauti ya tatu na ya nne walikuwa wananguruma vizuri huko chini, lakini mwanzishaji, mwenye wimbo wake, alisikika kwa mbali kama mtu anayeita kuku nyuma ya nyumba.

Selpha alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya mandazi. Alimtazama mume wake. Oduor alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, amewapa watu mgongo, na shingo yake ilikuwa imeloa jasho. Hiyo haikuwa ajabu, maana Voi mchana wa Januari kila shingo imeloa. Lakini Selpha aliijua shingo ya mume wake, na aliona hili si jasho la jua.

"Ni programu," Oduor akasema bila kugeuka. "Donald ameniletea mpya juzi. Hizi S zake zinachanganya."

"S ni nini?"

"Ya solo. Ukiibonyeza, unasikia mtu mmoja peke yake, wengine wote wananyamaza. Sasa sijui imeshika wapi."

Wanakwaya walitazamana. Kwaya hiyo ilikuwa na desturi yake. Wimbo ukirekodiwa, haukutoka kwenda popote kabla ya siku ya kusikiliza. Wote walikuja, wakanywa chai, kisha kila sauti ikachezwa peke yake mbele ya wote, na mwisho mwanzishaji peke yake. Ilianzishwa baada ya ugomvi wa zamani, watu wa sauti ya pili walipolia kwamba wamefunikwa makusudi. Tangu hapo hakuna aliyesema tena amefunikwa. Na safari hii wimbo ulikuwa wa kupeleka kwa kamati ya tamasha la kwaya huko Wundanyi, ambako kwaya zilichaguliwa kwa kusikilizwa tu.

Mama Oduor mwenyewe, Quinter, mama mkwe wa Selpha, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkoba magotini. Mjane wa mtu wa reli, mrefu, mgongo bado umenyooka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mtu wa nyumba ya jirani.

"Huyo ni mimi?" akauliza.

Ndipo Selpha aliposikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka.

"Pengine ni mimi," akasema. "Asubuhi nilipangusa vumbi hapo kwenye kibodi. Na kitambaa kilikuwa na maji kidogo."

"Haa!" Everlyne akaweka kikombe chini. "Kumbe! Watu tumekuja kutoka kila pembe ya Voi, mtu ameacha kibanda chake sokoni, na wimbo umefuliwa pamoja na meza!"

Watu walicheka. Ooko wa sauti ya nne alicheka mpaka akapaliwa na andazi. Selpha pia alicheka kidogo, kwa sababu mtu akichekwa na wengi ni vizuri aonekane yumo. Alimtazama tena Oduor, akingoja aseme neno. Oduor aliendelea kuikodolea skrini macho.

"Tukutane kesho baada ya kanisa," Everlyne akasema. "Na huyo Donald awepo. Na wewe, Selpha, kitambaa chako kipangushe vyombo."

*

Mama Oduor alikuwa anasahau maneno.

Hakuna aliyejua ila Selpha. Ilianza kwenye mazishi fulani, mama aliposimama kando ya kaburi, akaanzisha wimbo aliouimba miaka na miaka, na katikati ya mstari akasimama. Akawa anatazama watu kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho si chake. Selpha, aliyekuwa kando yake akimshikia mkoba, alifunika mdomo na leso kama anayelia, akamnong'oneza neno. Mama akalidaka, akaendelea, na watu wakasema, aki huyu mama ana sauti ya kuchana mawingu.

Tangu siku hiyo Selpha alisimama kando yake kila mara. Kabla ya kila mstari alitanguliza maneno, chini kabisa, na mama akayabeba juu. Hawakuwahi kulizungumza. Nyumbani mama alipika, alifagia, alimgombeza muuza maziwa. Mara moja moja aliweka chumvi kwenye chai. Selpha aliinywa.

Aliogopa kumwambia Oduor. Angemwambiaje mtu kwamba mama yake anapotea huku anapiga pasi shati lake? Na akina Everlyne wakijua, wasingesema anasahau. Wangesema amechanganyikiwa, na mama angekalishwa viti vya nyuma na wale wanaoletwa kanisani kwa kushikwa mkono.

*

Jioni ile ile Donald alipita. Alikuwa kijana wa Ronge aliyepanga chumba nyuma ya stesheni ya zamani, na kazi yake haikueleweka vizuri na mtu yeyote pale mtaani. Alikuwa anatengeneza programu ya kurekodi pamoja na watu ambao hajawahi kuwaona, huyu India, yule Brazili, na yeye sehemu yake ilikuwa vile vitufe vya S na M tu, ile M ya kunyamazisha. Oduor ndiye aliyekuwa anamjaribia.

Oduor hakuwepo. Alikuwa ameitwa kufunga spika kwenye harusi ya Jumapili, au ndivyo alivyosema. Donald akaketi sebuleni, chini ya mablanketi yaliyopigiliwa ukutani kuzuia kelele za malori ya barabara kuu.

"Shemeji," akasema, "nasikia S zangu zimeharibu wimbo wa watu."

"Si wewe. Ni kitambaa."

"Kitambaa hakiwezi. Hebu niambie, wewe hizi S zinakuchanganya wapi? Usiogope. Mimi nakusanya malalamiko, ndiyo chakula changu."

Selpha akafikiri. "Ukibonyeza S ya mtu mmoja, wale wengine wanaenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanangoja."

"Na mimi nitajuaje wanangoja? Kwa skrini wanaonekana vile vile. Mtu anaweza kudhani wameimba na hawakusikika, au hawakuimba kabisa."

Donald aliacha mkono wake hewani na kikombe. "Hilo nimeambiwa na watu wengi kwa maneno mengi, lakini hakuna aliyelisema hivyo," akasema. Akafungua kompyuta yake ndogo, akaanza kuandika pale pale. Baada ya muda akamgeuzia skrini. Alibonyeza S kwenye traki moja, ule mstari wa sauti ya mtu mmoja, nayo ikabaki imekoza. Zingine zikafifia, rangi ya jivu. "Hivi?"

"Hivyo naona. Wamekaa nje ya mlango."

"Na nimeongeza nyingine kubwa." Sasa alikuwa amechangamka, mabega yakicheza. "Zamani, traki ikiwa imezimwa kwa M, ukibonyeza S husikii kitu. Watu walikuwa wanapiga vichwa ukutani. Mimi nimefanya S ishinde M. Hata kama mtu amenyamazishwa, ukisema, hebu nimsikie huyu peke yake, utamsikia. Kesho Mama Oduor akiulizia traki yake, nitaibonyeza tu. Atasikika."

Selpha aligeuka akazitazama maiki zilizosimama kwenye kona.

"Donald. Hizi maiki zinasikia mpaka wapi?"

"Hizi? Ya mwanzishaji ni nzuri kabisa. Inasikia hata mbu akijikuna."

*

Donald alipoondoka, programu mpya akiwa ameiweka kwenye kompyuta ya Oduor, Selpha alifunga mlango wa mbele. Mama alikuwa uani anachambua kunde. Jua lilikuwa bado liko, jekundu kwa vumbi la Tsavo.

Aliketi kwenye kiti cha Oduor. Hakuwahi kukikalia. Alisogeza mshale pole pole kama anayeogopa kuamsha mtoto, mpaka kwenye traki iliyoandikwa MAMA. Kando ya jina, M ilikuwa inawaka nyekundu. Kwa hiyo mtu aliizima, na ile sauti ya mbali ya mama ilikuwa imeingia kwa maiki za wengine tu. Kitambaa hakiwezi, Donald alikuwa amesema. Lakini huenda kinaweza, Donald hakukiona kilivyokuwa kimelowa.

Akavaa hedifoni. Akabonyeza S.

Kwanza alisikia mnong'ono: *nimefika mlangoni, taa yako naiona*. Alishtuka akageuka nyuma. Halafu ikaja sauti ya mama, kubwa, yenye mikwaruzo kidogo pembeni: *Nimefika mlangoni, taa yako naiona.* Halafu tena mnong'ono. Halafu mama. Mmoja akimtangulia mwingine, mstari kwa mstari, kama mtoto wa nasari na mwalimu wake. Ila hapa mwalimu alikuwa yeye, na mtoto alikuwa mama mkwe wake.

Alitoa hedifoni. Kama M ikiendelea kuwaka, mama angeendelea kuimba nje ya nyumba yake mwenyewe. Kama akiitoa, huo mnong'ono ungeingia ndani ya wimbo kwa masikio ya Wundanyi yote. Alisogeza mkono, akaurudisha. Alisogeza tena.

"Usiguse."

Oduor alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Selpha akainuka haraka kama mwizi.

"Nilikuwa naangalia kama kitambaa..."

"Wacha kitambaa," Oduor akasema. "Mimi ndiye niliizima."

Nje mama aliimba kidogo bila maneno, akanyamaza.

"Umesikia?" Selpha akauliza.

"Siku ile ile ya kurekodi. Nilidhani ni kelele, nikataka kuifuta. Nikaweka sauti juu, nikasikia ni wewe." Alikaa kwenye mkono wa kochi. "Tangu lini?"

"Tangu mazishi ya yule mzee wa Birikani."

"Na hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia." Selpha alishangaa kuona machozi yamekaribia. "Uliniacha nichekwe mbele ya kwaya nzima, Oduor. Nilisimama na sinia. Ulijua si mimi."

Oduor alijifuta jasho la shingoni. "Ulipolisema lile neno la kitambaa, niliona ni mlango," akasema. "Nikapita. Sikuangalia nimekanyaga nani."

Selpha hakujua kama hiyo ndiyo samahani au siyo. Aliikubali tu, kwa sababu kesho ilikuwa inakuja.

"Donald anasema S yake inashinda M," akamwambia. "Kesho mama akitaka kujisikia..."

"Hatataka."

"Ni haki yake. Ni desturi."

"Basi nitasema programu imekwama," Oduor akasema. Lakini alikuwa amesahau kwamba kesho si yeye atakayekaa kwenye kile kiti.

*

Jumapili watu walikuja na nguo za kanisani. Donald alikuwa mbele ya kompyuta, shati jeupe, furaha tele, akieleza mambo ambayo hayakuulizwa. Alicheza sauti ya kwanza peke yake. Watu wakapiga makofi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilipochezwa, Ooko alijisikia akichelewa kidogo kuingia, akasema huyo si yeye, watu wakacheka.

"Sasa mimi," Mama Oduor akasema kutoka dirishani.

"Mama," Oduor akasema, "hiyo traki ina shida, pengine tungeiacha tu..."

"Kwani mimi sikuimba? Kila mtu amejisikia."

"Haina shida hata kidogo!" Donald akasema. "Ilikuwa imezimwa tu. Ona sasa." Selpha alimkanyaga mguu chini ya meza. "Pole, shemeji," Donald akamwambia, akasogeza mguu, akabonyeza.

Mnong'ono ukatoka kwenye spika. Spika zile ni kubwa, za harusi, na mnong'ono ulijaa nyumba nzima mpaka kwenye bati.

"Kwani kuna sufuria inachemka?" Ooko akasema. Halafu sauti ya mama ikaingia, na Ooko akanyamaza. Mnong'ono, mama. Mnong'ono, mama. Donald alikuwa amegeuka jiwe. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na hakikujua la kufanya. Hata alipotaka kuzima, Mama Oduor aliinua mkono wake.

"Wacha."

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Akina mama walitazama viatu vyao. Wakio wa sauti ya pili, mdogo wake Everlyne, alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba.

"Kwa hiyo hajui wimbo," mtu mmoja akasema nyuma, si kwa ubaya, kwa kushangaa tu.

"Cheza tena," Mama Oduor akasema.

"Mama, si lazima," Oduor akasema.

"Nimesema nini?"

Donald akacheza tena. Safari hii mama aliinamisha kichwa, lile sikio upande ule ule. Ulipofika mstari wa tatu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeona kitu kilichopotea kumbe kilikuwa mfukoni.

"Huyo ni Nyar Ugenya," akasema. Ndivyo alivyomuita Selpha akiwa na furaha naye, binti wa Ugenya, kwa jina la kwao. "Siku hizi zote. Na mimi nilidhani ni kichwa changu kinaniambia."

Selpha alimtazama. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akisogeza bega karibu kabla ya kila wimbo, jinsi alivyokasirika siku ile Selpha alipochelewa na kukataa kuanzisha mpaka afike. Mtu hategi sikio namna hiyo kwa kichwa chake mwenyewe. Au hutega? Selpha hakujua. Alitafuta jibu kwenye uso wa mama, na uso wa mama ulikuwa umetulia kama maji ya pipa.

Everlyne alikohoa. Wote walitegemea maneno makali. "Mama Oduor," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "sisi tunakuheshimu. Lakini tukichaguliwa, Wundanyi ni mbele ya watu. Mwenye kuanzisha akikatika pale... Nilikuwa nafikiria Wakio ajaribu."

"Mimi?" Wakio akasema. "Dada, mimi siwezi."

"Huyu ndiye ana maneno," Mama Oduor akasema, akimwonyesha Selpha kwa kidevu. "Aanzishe yeye."

"Selpha hana sauti! Umeshawahi kumsikia hata akiita mtu sokoni?" Everlyne akauliza.

"Sauti anayo. Hana pumzi. Anapumua kama anayeiba." Mama alinyanyuka, akamsogelea, akamwekea kiganja mgongoni, chini ya mabega, mbele ya wote. "Pumzi nitampa mimi. Hiyo bado sijaisahau."

"Mama, mimi darasa la nane tu, kusimama mbele ya..." Selpha alianza.

"Kwani wimbo unaulizia cheti?"

Ooko alicheka kwanza. Halafu wengine. Kicheko hiki hakikuwa kama cha jana, ingawa Selpha hakuweza kusema tofauti iko wapi.

*

Walirekodi upya mchana wa katikati ya wiki, mablanketi yakiwa yamelowa joto. Mara mbili walisimamishwa na honi za malori, na mara moja na Selpha mwenyewe aliyeomba maji. Mama alisimama nyuma yake, kiganja pale pale. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi kwa nguvu, na kiganja kikamsukuma Selpha kidogo, na Selpha akavuta pumzi pia, na sauti iliyotoka ilimtisha. Ilikuwa kubwa. Hakujua ilikuwa inakaa wapi siku zote.

Siku ya kusikiliza Oduor ndiye aliyebeba sinia ya mandazi. Aliipitisha kwa kila mtu, na alipofika kwa Everlyne akasema, wote wakisikia, "Mwenyekiti, lile la kitambaa halikuwa kweli. Ni mimi nilizima." Everlyne alichukua andazi akamtazama Selpha. "Mbona basi ulikubali?" akauliza. Selpha akammiminia chai.

Sauti zote zilichezwa. Ya nne iliingia kwa wakati, na Ooko akasimama akainama kama mtu mkubwa. Kisha Donald akabonyeza S ya mwanzishaji.

Palitoka kwanza pumzi, ndefu, ya mtu mzima, yenye mikwaruzo kidogo pembeni. Halafu sauti ya Selpha. Pumzi, halafu Selpha.

"Hiyo pumzi naweza kuipunguza," Donald akasema haraka. Tangu ile Jumapili alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kugusa. "Iko kati ya mistari, haigusani na maneno. Ni dakika moja tu."

Mama Oduor alikuwa amekaa karibu na dirisha, kichwa ameinamisha.

"Hiyo pumzi ni ya nani?" akauliza.

Watu walitazamana. Everlyne alimtazama Oduor, Oduor akamtazama Selpha. Mama alingoja, macho yakiwa wazi, bila dalili ya mzaha, bila dalili ya kitu kingine chochote.

"Ni yako, mama," Selpha akasema.

"Yangu?"

"Yako."

Mama alisikiliza mstari mwingine, midomo yake ikienda pamoja na pumzi.

"Basi msiitoe," akasema.

Donald akaondoa mkono kwenye meza. Kwenye skrini ile traki moja ilikuwa imekoza, na zingine zote zilikuwa zimefifia, zikingoja.